Herufi Nilizomfundisha Baba Yako

Lakini si kweli, Rukia, kwamba hatukujua. Ulipokuwa ukikunja nguo zako leo ulisema tena lile uwaambialo watu wote: kwamba maradhi yale yalimwingia baba kimya kimya, hayana maumivu, hayapigi hodi, na laiti kungekuwa na mtu wa kujua mapema, asingepofuka. Nami nikakujibu, "Ndiyo, mamangu," nikaondoka kwenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa na kitu ndani.

Mara tatu wiki hii nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Ulimi hauendi. Sasa umekwenda kuwaaga shangazi zako Mtongwe, nyumba imetulia, nami nimekaa hapa barazani na karatasi kwa sababu mkono angalau unanitii. Sitakwambia habari za sweta, wala za kula mapema, wala za kuangalia mkoba wako stendi. Umekuwa ukijiangalia tangu hujabalehe. Hayo tuyaache.

Nilitaka kuitia barua hii chini ya nguo zako uikute Nairobi. Athmani akaniuliza, kwa ile sauti yake ya upole inayonifanya nitabasamu hata nisipotaka, kwa nini barua ya mtu aliye chumba cha pili isafiri usiku kucha ndipo isomwe. Basi nitakupa mkononi ukirudi, baada ya magharibi, uisome ungali hapa, na kama una neno la kunitolea uso wangu uwe mbele yako.

Usishangae ukiona nazungumza kama mtu anayesoma habari redioni. Tangu siku barua ya maabara ilipofika, ile ya kukuambia umechukuliwa kazi Nairobi, kuna kitu ndani yangu kimekufa ganzi. Silii. Nilidhani nitalia. Majirani wanakuja wakiniambia Zaituni, pole, mtoto wako wa pekee huyo, nami nawakaribisha chai na kuwajibu alhamdulillahi, kama kwamba anayeondoka ni mtoto wa mtu mwingine. Na ajabu ni kwamba ndani ya wiki hizi hizi mimi ni bibi arusi. Wiki saba tu tangu anioe Athmani, Rukia! Nina miaka arobaini na minne na naona haya kama mwari Athmani anaponiita "bibi arusi" mbele ya muuza maziwa. Alhamisi akifunga kibanda chake cha kutengeneza saa ananiletea kikuba cha asumini alichokifunga ndani ya leso ili kisinyauke njiani. Nikisikia anavua viatu mlangoni moyo unaruka. Nampenda mpaka naogopa. Hayo nayaona, nayajua kuwa ni furaha, lakini ninayaona kama mtu anayetazama karamu kupitia dirisha la kioo. Labda nikishamaliza kuandika kioo kitafunguka, labda hakitafunguka.

Nianze. Ulikuwa na miaka sita, mwaka ule wa njaa tuliokula mahindi ya manjano. Baba yako alikuwa dereva wa kreni bandarini, na hapo Likoni hakukuwa na mwanamke aliyejivunia mume kama mimi. Anapanda juu kule, mtu mwenye vitabu vichache vya darasani na juzuu zote za Kurani za chuoni kifuani, anainua masanduku yanayoweza kuifunika nyumba hii. Alikuwa ameshaambiwa ana sukari. Tukapunguza haluwa, tukaona tumemaliza.

Kisha akaanza kuona utando wa buibui. Alikuwa akiupangusa hewani kwa mkono, nami nikimcheka. Utando haukutoka. Siku moja akaniambia kwamba mtu anayempa ishara chini, yule anayeinua vidole kuonyesha shusha au ngoja, vidole vyake vimeungana vimekuwa kama mwiko. Aliniambia hayo huku akila, bila kuinua uso. Nikamwambia aende kwa daktari wa macho. Akasema akienda ataandikwa, na akiandikwa atateremshwa kwenye kreni apewe ufagio. "Nitashukaje, Zaituni? Wanaume niliowafundisha wanitazame nafagia chini yao?"

Hapo ndipo mke mwenye akili angesema, ufagie. Mimi nilikuwa na akili ya kidato cha nne na mapenzi ya mtu asiyekuwa na kidato.

Kila mwaka madereva wa kreni walipimwa macho katika zahanati ya kazini. Ukutani kulikuwa na bango la herufi, kubwa juu, ndogo chini, na muuguzi akielekeza kwa kijiti kutoka juu kwenda chini, kushoto kwenda kulia. Familia nazo zilitibiwa pale pale. Basi wewe ulipokuwa na kikohozi nilikupeleka, tukakaa kwenye benchi lililoelekea bango, na wakati tukingoja nikanakili herufi zote, mstari kwa mstari, nyuma ya kadi yako. Muuguzi alinipita mara mbili. Aliniona naandika akadhani naandika dawa. Ulikuwa umelala mapajani mwangu na homa yako. Nilikutumia wewe, mwanangu, kupata njia ya kuingia.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Zile zilikuwa siku tamu kuliko fungate yetu.

Kila siku baada ya alasiri tulitandika mkeka ua wa nyuma, mimi mwalimu, yeye mwanafunzi. Hakuweza kuzishika herufi za Kizungu zikiwa kavu, zisizo na maana. Akasema, "Zitie mahadhi." Alivyohifadhi chuoni ndivyo alivyotaka kuhifadhi hizi, kwa sauti, kwa kuyumba, mstari wa pili usianze mpaka wa kwanza uwe umeingia damuni. Nikamtungia mahadhi. H, T, O, kisha V na L, tunapanda kidogo, tunashuka. Akikosea nampiga kidole kwa ufito wa kuti kama walimu wetu wa zamani, naye analia kama mtoto wa chuo, "Nisamehe, maalim," tunaanguka kwa kicheko. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mwanamume yule mkubwa amekaa chini, amefumba macho, ananisomea herufi ambazo hazioni. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi yenyewe, kuwa macho ya mtu.

Wewe ulikuwa ukicheza karibu na birika la maji. Ukazishika kabla yake.

Wajua sasa nasema nini. Ule wimbo, Rukia. Ule unaouita wimbo wa baba, uliowaimbia watoto wa shangazi yako walale, uliokuwa ukiuimba chini chini juzi ukipiga pasi. Si wimbo wa kubembeleza mtoto. Ni bango la macho la zahanati ya bandarini, nami ndiye niliyelitia mahadhi.

Alipita. Wakamwandikia kwamba macho yake ni mazuri. Alirudi na papai kubwa na furaha tele, tukacheka mpaka nikaumwa mbavu. Mwaka wa pili akapita tena. Miaka hiyo miwili baba yako aliinua masanduku kwa mazoea ya mkono na kwa sauti za wenzake, na chini ya ndoano ile kulikuwa na watu wenye wake na watoto. Hakuna aliyeumia. Nimeshukuru Mungu miaka yote hii, lakini usidhani siku moja nimeona tulistahili.

Mwaka wa tatu bango lilikuwa limebadilishwa. Hakuna aliyeijua hila yetu, wala hawakutaka kumtega mtu, la zamani lilichakaa tu. Baba yako akasimama, akafunika jicho moja kwa kiganja, akasoma bango la zamani lote bila kukwama. Muuguzi akamwambia asome tena. Akasoma tena, kwa madaha zaidi. Alinisimulia mwenyewe, na alivyosimulia nilijua kwamba mpaka wakati ule alidhani anasifiwa.

Walimpeleka kwa daktari wa macho siku ile ile. Nikaitwa. Daktari alimtia matone, akazima taa, akamtazama ndani ya macho muda mrefu, kisha akatueleza mambo ambayo wewe leo unanieleza vizuri kuliko yeye: kwamba nyuma ya jicho kuna retina, ngozi nyembamba ambayo ndiyo inayoona, na mishipa yake midogo imelegea kwa sukari, ikavuja maji, kisha ikavuja damu. Akasema kuna mwanga wa leza unaoweza kuziba, Nairobi, lakini kwa jicho moja muda umepita na kwa jingine anajaribu bahati. Akauliza yalianza lini. Mimi nikatazama sakafu. Baba yako akasema, "Hivi karibuni tu, daktari." Alinisitiri. Yale yaliyobaki unayakumbuka. Safari za Nairobi, lile jicho la bahati lililochukua miezi minane kuzimika, figo zikafuata macho.

Hakunilaumu hata siku moja. Niliwahi kumtaka anilaumu. Ilikuwa mwaka wa mwisho, nikimkata kucha, nikamwambia kila kitu mimi ndiye niliyekifanya. Akanipa mkono wa pili, nikaumaliza. Akasema, "Tulihifadhi vizuri mno, Zaituni, ndiyo ilikuwa shida yetu." Akataka mguu pia.

Nikabaki nayo. Alipokufa nikakaa eda na siri hiyo. Watu walikuja kunipa mkono wakisema nilivyomtunza kipofu, mke wa mfano. Nikawa naitikia. Ukitaka kujua ganzi yangu ilianza lini, sidhani ni barua yako ya maabara. Nadhani ilianza kwenye jamvi lile la matanga, na barua yako imeniamsha nikagundua tu kuwa sihisi.

Unakumbuka siku uliponieleza kazi unayokwenda kuifanya? Nilikuwa nakuna nazi. Nilikuomba unieleze kama mtu anayemweleza mama yake, si kama mtu anayefanya mtihani, ukacheka. Ukasema mtu akifanyiwa operesheni ya jicho, tone la maji ya ndani ya jicho lake linahifadhiwa. Ndani ya tone hilo mna protini nyingi, kila moja na kazi yake, na nyingine kazi yake ni kuamrisha mishipa ilegee ivuje. Mnalitia tone kwenye jeli iliyoganda kama faluda, mnapitisha umeme, protini zinakimbia. Ndogo zinafika mbali, kubwa zinabaki nyuma, na mkizitia rangi mnaona mistari. Mnaweka mistari ya jicho gonjwa kando ya mistari ya jicho zima, mnatafuta ni upi uliopo kwa huyu na kwa yule haupo.

Nikakwambia, kumbe ni kama polisi wanapowapanga watu mstari, ukaombwa umguse bega aliyekuibia. Ukafurahi sana. Ukasema ndivyo, mama, ndivyo hasa, ila hawa wengi wao hawana hatia, walikuwa wanapita njia tu siku ya tukio. Nikauliza mkimpata mkosaji mtamfanya nini. Ukasema kwanza mhakikishe ni yeye, na hilo laweza kula miaka, halafu watu watafute dawa ya kumshika mikono asiamrishe tena, ili mishipa isivuje na mtu asihitaji kuchomwa kwa leza. Uso wako uling'aa. Ukasema, "Baba angepona, mama. Angeletewa dawa akaendelea na kreni yake."

Mimi nilikuwa katika mstari ule mbele yako, nimekalia mbuzi ya nazi, ukapita ukinitazama usoni wala hukunigusa bega.

Kwa hivyo nakwambia leo. Si kwa sababu nataka uache kutafuta. Protini yako ina hatia na mimi nina yangu, na yangu haihitaji umeme kuonekana. Lakini sikutaka uondoke nyumbani ukiwa umejenga kazi ya maisha yako juu ya hadithi niliyokuachia uiamini kwa sababu ilinifaa.

Na kuna kitu kimoja nakuogopea. Wewe ni mtoto wetu. Unahifadhi haraka. Nimekuona tangu shule, ukishajua jibu linalotakiwa huoni tena swali. Itakuja siku huko maabara utakapoambiwa mstari fulani unapaswa kuonekana hapa, mkubwa wako anautaka, nawe unautaka kwa ajili ya baba yako, na jeli haina kitu. Sijui jeli, lakini namjua mtu anayesoma bango ambalo halipo ukutani, tena anasoma kwa sauti nzuri. Siku hiyo sema huoni. Wakikucheka, wacheke. Baba yako angesema neno hilo moja mwaka ule wa kwanza angefagia bandari nzima akiona kila takataka.

Sina mengine ya kukufunza. Ningekuwa nayo ningeyatumia mwenyewe, maana sasa nakuja kwenye jambo la mwisho na hili nalo nilikuwa nimekuficha.

Mimi pia nina sukari. Mwaka wa pili sasa. Vidonge vimo ndani ya kopo la iliki, ndiyo maana nilikukataza usinipikie pilau. Nilijiambia nitakwambia ukishamaliza mitihani, kisha ukishapata kazi, kisha nikaolewa na nikataka kuwa bibi arusi asiye na ugonjwa, walau mwezi mmoja.

Athmani hakuambiwa pia. Yeye aligundua. Wajua nashona kofia tangu usichana wangu, vidole vinajua vyenyewe tundu lilipo. Nilimshonea moja ya harusi. Ijumaa iliyopita akaipeleka kibandani kwake, akaweka ile lenzi yake ya saa jichoni, akaitazama, kisha akarudi nyumbani mapema kabla ya sala. Akanionyesha upande wa kushoto. Safu nzima ya vitundu ilikuwa imehamia kando kwa nafasi moja, imenyooka vizuri kabisa, mahali pasipostahili. Nilikuwa nimeshona bila kuona, kwa kuhifadhi.

Nikasema ni uzi mbaya. Akakaa kando yangu. Akaniambia nifumbe jicho la kushoto nimwambie mkono wake una vidole vingapi. Nikataka kucheka nimwite maalim, nikaubusu mkono badala ya kuhesabu vidole, nikafanya madeko yote ninayoyajua, na Rukia, ninayajua mengi. Akangoja nimalize. Akasema, "Bibi arusi, mimi nimekuoa unione."

Katikati ya jicho la kulia kuna moshi. Ndiyo hivyo. Moshi huo una miezi, sijui mingapi. Pembeni naona vizuri, ndiyo maana naweza kumimina chai usigundue, na uso wako nikiutazama kwa jicho hilo peke yake siuoni mdomo unavyokwenda. Niliposema hayo kwa Athmani sikuhisi hofu, wala huzuni. Yeye ndiye aliyelia, mtu mzima, kofia mkononi. Nikampapasa kichwa huku nikijiuliza kwa nini mimi siwezi.

Sijui ukisoma haya utafanya nini. Labda utanichukia kwa muda, na muda huo waweza kuwa mrefu. Huwezi kuupima kwa ajili yangu na sitakuomba. Labda utataka kuahirisha safari ukae unitunze. Hilo usifanye. Nimekwisha kumfunga mtu mmoja kando yangu kwa jina la mapenzi. Kesho utapanda basi lako, ukitaka kunipa mkono unipe, usipotaka panda tu, mimi nitakuwa nimesimama pale na Athmani.

Daktari wa hapa ameniandikia niende Nairobi nikatazamwe na wenye leza, na safari hii sikuuliza itakuwaje nisipokwenda. Nitasimama mbele ya bango lao na nisichokiona nitasema sikioni. Kama muda bado haujapita watanichoma. Kama umepita nitaambiwa, nami nitakwambia siku hiyo hiyo, si mwaka wa tatu. Athmani amesema atafunga kibanda anisindikize, na atanishika mkono njiani kwa sababu mimi ni bibi arusi wake, si kwa sababu nina moshi.

Usije kunipokea kama moyo wako hautaki. Niachie tu kwa mwenye nyumba utakakopanga huko neno la wapi maabara yenu ilipo, nije mpaka mlangoni nikuone kwa jicho hili zuri, hata kwa dakika moja, hata kama hutasema kitu. Nitakuja, Rukia. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa nimekuja.

Mamako,
Zaituni